Masaa Tisa, Hori Tatu

Asubuhi ya leo nilikuwa napaka namba kwenye hori za kisima. Hori ni ile mitaro ya saruji mifugo wanakunywa ndani, na kwetu ziko tatu, zimelala sambamba chini ya tangi. Rangi ilikuwa ile nyeupe iliyobaki msikitini. Sikuwa na brashi, nilifunga kitambaa kwa kijiti. Moja, mbili, tatu. Hakuna mtu hapa alikuwa amewahi kuzipa namba, watu wanasema tu ya karibu, ya katikati, ya mwisho. Lakini karatasi yangu ilikuwa na namba, na aabo, baba yangu, alisema kama karatasi ina namba basi hori nazo ziwe na namba, mtu asije akasema hakujua.

Nilikuwa nimeinama kwa ile namba tatu wakati ngamia wa adeer Bishar, ami yangu, walitokea.

Sikutaka kuwahesabu. Kwetu huhesabu mifugo ya mtu. Hata yako mwenyewe husemi. Ukiulizwa uko na ngamia wangapi unajibu wachache tu, alhamdulillahi, na yule ameuliza ndiye anaonekana hana adabu, kwa sababu namba ikishatoka mdomoni jicho baya linaifuata. Hiyo nimeijua tangu niko mtoto. Lakini macho yangu yalikuwa yamekaa siku mbili kwa hesabu, na ngamia walikuwa wanapita mmoja mmoja kwenye uwazi wa ua wa miiba, na macho yakahesabu yenyewe. Sita. Kumi na mbili. Kumi na nane. Rangi ilikuwa inadondoka kwa kiatu changu na bado walikuwa wanaingia.

Walikuwa arobaini na nane. Kwa karatasi yangu walikuwa thelathini.

Wacha nieleze hiyo karatasi, kwa sababu bila hiyo haya yote hayangetokea.

Aabo, jina lake Abdow, ndiye karani wa kamati ya maji na ndiye anaweka funguo ya jenereta. Jumanne aliingiza fimbo ndani ya pipa la dizeli, akaitoa, akaangalia alama. Ilikuwa imebaki dizeli ya masaa tisa. Mfanyabiashara anayetuletea alisema kwa simu lori lake litafika Jumatatu, labda. Mvua ya Gu ilitakiwa kuanza mwanzo wa Aprili, na hii Aprili inaisha hata wingu la kuweka kivuli hakuna. Kisima kingine chenye maji kiko Eldas, kilomita thelathini na tano.

Na makundi saba yalikuwa njiani kuja kunywa kwetu leo, Alhamisi.

Ngamia wa adeer Bishar, ambaye ni binamu ya aabo, masaa matano. Ngamia wa mzee Abdiqani, masaa matano. Ng'ombe wa mzee Bare, masaa manne. Ng'ombe wa ayeeyo wangu, masaa manne. Halafu mbuzi na kondoo wa hapa kijijini, makundi matatu, kila moja masaa matatu, na moja kati ya hayo ni letu. Hayo masaa niliyatoa kwa rejista ya kamati. Kamati inalazimisha kila mtu ataje idadi ya mifugo yake, hata kama hapendi, ndiyo walipie maji. Kwa pampu yetu hori moja inatosha ngamia sita kwa saa, au ng'ombe kumi na nne, au mbuzi mia moja. Unagawanya, unapata masaa.

Ayeeyo Saado ni bibi yangu, mama ya hooyo, mama yangu mzazi. Anaishi upande wa Buna. Huko kumekauka kabisa, kwa hivyo alikuwa anakuja kwa miguu na ng'ombe wa nyumba nne, wale ndio wamebaki, pamoja na binti ya abti yangu, yaani mjomba, jina lake Ramlo. Ramlo ako na miaka kumi na sita kama mimi. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la saba, halafu yeye akaenda na ng'ombe na mimi nikapelekwa Garissa kwa shule ya bweni. Alinitumia meseji kwamba ng'ombe hawajaonja maji tangu Jumatatu. Ngamia anaweza kukaa siku kumi na anakuangalia tu. Ng'ombe siku ya tatu anaanza kutembea kama mlevi, ya nne analala, na akilala ni hivyo.

Aabo ana njia yake ya kupanga. Wakubwa kwanza. Makundi makubwa yanashika hori, wengine wanangoja, hori ikiachwa wazi anaingia anayefuata. Mbuzi wetu anawaweka nyuma ya adeer Bishar. Kila mara ni hivyo, miaka yote. Mimi nilidhani ni kwa sababu ni ndugu.

Nikaijaribu njia yake kwa karatasi. Ngamia hapa na hapa, ng'ombe wa Bare hapa, wa ayeeyo nyuma ya Bare, mbuzi wanajaza penye pamebaki. Kundi la mwisho la mbuzi lilikuwa linamaliza baada ya masaa kumi na moja. Dizeli ni tisa.

Hapo ndipo nikamkumbuka Mwalimu Filsan. Yeye anatufundisha kompyuta, na muhula uliopita alituambia kompyuta siku hizi iko na vichwa vingi, vinaitwa prosesa, na shida yake ni kama ya mama mwenye wasichana watatu na kazi saba za nyumba. Nani afanye nini ndiyo zote ziishe mapema? Akasema kuna njia ya haraka, unapeana kazi kubwa kwanza kwa yule hana kitu, na hiyo inatoa jibu zuri lakini si lazima liwe bora. Na kuna njia ya hakika. Hiyo inachosha, lakini ukimaliza unaweza kuapa kwamba hakuna mtu duniani atapata jibu bora kuliko lako. Wasichana wengine walikuwa wanaangalia dirishani. Mimi niliandika kila neno. Darasani siongei, lakini hiyo ya kuapa niliipenda.

Ile njia ya aabo ilikuwa ndiyo ile ya haraka, bila yeye kujua ina jina.

Kwa hivyo nilichukua karatasi ya grafu nikachora mti. Shina ni hori tatu zikiwa tupu. Kila kundi linatoa matawi matatu, hori ya kwanza, ya pili, ya tatu. Makundi saba yanatoa matawi zaidi ya elfu mbili, na hakuna mtu anaweza kuyapitia na kalamu. Unakata. Ukiwa tayari unashika jibu la masaa kumi na moja, tawi lolote ambalo limeshafika kumi na moja huna haja ya kulifuata. Matawi mawili yanayofanana unabakisha moja. Ayeeyo na mzee Bare, kwa mfano, wote ni masaa manne, ukiwabadilisha mahali jibu halibadiliki. Kulikuwa na tawi la Bare nyuma ya Bishar na tawi la ayeeyo nyuma ya Bishar. Nilikata la Bare na rula, mstari mmoja, nikaendelea.

Na kuna kitu kingine. Jumla ya masaa yote ni ishirini na saba. Gawanya kwa hori tatu, ni tisa. Chini ya tisa haiwezekani hata ufanye nini. Ukiipata tisa weka kalamu chini, umemaliza.

Nikaipata. Hori ya kwanza, ngamia wa Abdiqani halafu ng'ombe wa Bare. Ya pili, ngamia wa Bishar halafu ng'ombe wa ayeeyo. Ya tatu, mbuzi, mbuzi, mbuzi. Tano na nne, tano na nne, tatu mara tatu. Tukianza saa moja asubuhi, hori zote tatu zinafunga saa kumi kamili, kila mtu amekunywa, na pipa liko kavu. Hakuna hori inakaa bure hata dakika moja. Nilikaa nikiliangalia hilo jibu kama mtu anaangalia nguo mpya.

Nilimpa aabo jana baada ya swala ya adhuhuri. Alivaa miwani, akasoma pole pole, kidole kikishuka na mistari. Kilifika kwa jina la Bishar kikasimama. Kilikaa hapo kidogo, halafu kikaenda kwa jina la ayeeyo.

Akaniuliza, "Ruweyda, hii umehakikisha?"

"Nimehakikisha, aabo. Hakuna nyingine bora."

Akakunja karatasi akaiweka mfukoni.

Kwa kamati alienda yeye kuieleza. Mimi nilikaa nje nyuma ya ukuta wa matanki nikisikiliza. Nilisikia akisema binti yangu amefanya hii na akili ya kompyuta, inaitwa brosesa, na wazee wakarudia, brosesa, brosesa, mmoja akauliza kama hiyo ni dawa ya kupe. Walicheka lakini walikubali, kwa sababu hakuna mtu alikuwa na njia nyingine ya kunywesha makundi saba. Kufika jioni vijana wote walikuwa wananiita Brosesa. Nikipita na mtungi wananiuliza, Brosesa, kichwa chako kina kazi ngapi leo? Sitadanganya, nilifurahi.

Sasa rudi asubuhi, mimi na kijiti cha rangi.

Arobaini na nane gawanya kwa sita ni nane. Masaa nane badala ya matano. Adeer Bishar angemaliza saa tisa mchana na si saa sita, na ayeeyo nyuma yake angebaki na saa moja tu. Hiyo hesabu ilifanyika kichwani kabla sijasimama wima.

Na kuna kitu niliona hapo hapo. Dawa yake ilikuwa ndogo sana. Kwa hesabu haijalishi ndani ya hori moja nani anatangulia. Tano na nne ni tisa, nne na tano pia ni tisa. Ng'ombe wa ayeeyo walikuwa wameshafika, nilikuwa nasikia wakilia nje ya ua. Kama wangeingia wao kwanza kwa hori ya pili, wangekunywa wote, na ngamia wangekuja nyuma, na wale hawatafikiwa wangengoja Jumatatu bila shida. Ngamia niliwaweka mbele kwa sababu aabo huwaweka mbele. Hakukuwa na sababu nyingine.

Kwa hivyo sikuhitaji kumuaibisha mtu. Sikuhitaji kutaja idadi yoyote. Ningesema tu, aabo, ng'ombe waanze.

Niliweka mkebe wa rangi chini nikaenda. Aabo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha jenereta na wanaume kama kumi, na adeer Bishar katikati yao, fimbo imelala mabegani, mikono imening'inia juu yake. Sijawahi kuongea mbele ya wanaume kumi. Nilitaka kumuita aabo pembeni, lakini hata kumuita pembeni ni kuongea. Nilisimama. Waligeuka wakaniangalia, mimi na kiatu changu cheupe.

Adeer Bishar akasema, "Huyu hapa Brosesa. Ngamia wangu wanasimama wapi, mama, ama niwaulize wao wenyewe?"

Wakacheka. Si kicheko kibaya. Adeer Bishar ndiye alininunulia sanduku langu la shule.

Nikasema, "Hori ya pili, adeer."

Hiyo ndiyo nilisema. Aabo alikuwa ananiangalia kama anangoja neno lingine, na mimi niliangalia chini, halafu nikageuka nikaenda kuchukua mkebe wangu. Nilijiambia labda nimehesabu vibaya. Nilijiambia labda wengine si wake, wamefuata tu. Saa moja jenereta ikawaka.

Mpaka saa sita kila kitu kilienda na karatasi. Mbuzi wa kwanza walitoka saa nne, wa pili wakaingia. Mzee Abdiqani alimaliza dakika chache kabla ya adhana, akatoa ngamia wake, ng'ombe wa Bare wakaingia hori ya kwanza. Watu waliniangalia wakatikisa vichwa kukubali. Kwa hori ya pili ngamia walikuwa bado wamejipanga, midomo majini, na nyuma yao wengine, na nyuma ya hao wengine.

Aabo alienda. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alimwambia Bishar kwa upole kwamba saa yake imeisha.

"Andika saa unavyotaka, Abdow," adeer Bishar akasema. "Ngamia havai saa."

Aabo akarudi kwa jenereta. Angesema nini? Kwetu kundi likianza kunywa halitolewi majini, hiyo ni kabla ya jenereta, kabla ya kamati, kabla ya mtu yeyote aliye hai hapa kuzaliwa. Mwalimu Filsan alisema kwa kompyuta unaweza kuikata kazi katikati ukairudia baadaye. Kwa hori huwezi. Na ili umwambie Bishar kwamba amepita kipimo chake, lazima useme kipimo ni ngapi na ngamia ni wangapi, mbele ya watu, mbele ya ngamia wenyewe. Kila mtu aliyekuwa pale alikuwa na macho. Wote waliangalia upande mwingine. Mzee Bare aliangalia ng'ombe wake. Wenye mbuzi waliangalia mbuzi.

Kuhamia hori nyingine pia haikuwezekana. Hori ya kwanza ilikuwa na Bare mpaka saa kumi. Ya tatu ilikuwa na mbuzi mpaka saa kumi. Ndiyo ile mimi niliipenda, hakuna hori inakaa bure hata dakika moja.

Nilienda kwa Ramlo. Yeye na ayeeyo walikuwa wamezuia ng'ombe kwa fimbo upande wa nyuma, mahali upepo hauleti sana harufu ya maji, lakini ulikuwa unaileta. Ng'ombe walikuwa wanasukuma. Mbavu zilikuwa nje zote. Ramlo amekuwa mrefu kuliko mimi, na uso wake ulikuwa mweupe na vumbi mpaka kope.

"Brosesa," akasema. Hata yeye alikuwa amesikia. "Karatasi yako inasema sisi saa ngapi?"

Nikamwambia saa sita.

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa saba."

"Nitakuchapa na hii fimbo," akasema, lakini alikuwa anatabasamu, na alinipa mkono wake nikaushika, mgumu kama kamba. Aliniambia habari za njia. Ndama wawili walibaki karibu na barabara ya Buna, ayeeyo hakutaka kuangalia nyuma. Aliniuliza kama Garissa bado wanauza yale maandazi ya kona ya soko niliyomwambia zamani. Tuliongea hivyo vitu vidogo, na kila mara aliinua kichwa kuangalia ngamia, na ngamia walikuwa bado wako.

Saa nane hakutabasamu tena. Ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa amepiga magoti, na ayeeyo alikuwa amesimama juu yake akimvuta mkia, akimwambia maneno ya chini, inuka binti yangu, inuka.

Ramlo akaniuliza, "Kwani wewe hukujua Bishar yuko na ngamia wa namna hiyo? Hapa kila mtu si anajua?"

"Rejista inasema thelathini," nikasema.

Alirudia hilo neno, rejista, kama mtu anatema mchanga. Halafu akaenda kumsaidia ayeeyo na huyo ng'ombe.

Sikumwambia kwamba nilihesabu. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu, hakukuwa na wanaume kumi. Nilisema rejista.

Adeer Bishar alitoa ngamia wake wa mwisho saa tisa na dakika chache. Alipita karibu na ayeeyo akamsalimia vizuri, akaulizia afya yake, akamwombea mvua. Ayeeyo alimjibu vizuri pia. Ng'ombe waliachiliwa.

Hawakuingia kwa mpangilio. Wenye nguvu walikimbia, wakapanda juu ya wengine, wakajaza hori kichwa kwa kichwa, na wale walikuwa wanahitaji maji kuliko wote hawakuweza hata kukaribia. Ramlo aliwapiga usoni ndiyo waachie nafasi na hawakusikia fimbo. Saa kumi kasoro jenereta ikakohoa. Aabo alikimbia ndani. Ikashika tena, ikakohoa, ikazima. Maji kwa bomba yakawa uzi, halafu matone. Ng'ombe walilamba saruji mpaka ikakauka kwa jua.

Walikunywa kama kumi na nne. Hesabu yangu kwa hiyo ilikuwa sahihi.

Hori ya tatu mbuzi wetu walikuwa wamemaliza kabla jenereta haijakohoa. Walitoka wamevimba matumbo, wanapiga chafya. Ni mimi niliwatoa nyuma ya Bishar nikawaleta hapo. Miaka yote aabo alikuwa anaweka mbuzi wake mwenyewe nyuma ya uongo wa binamu yake ndiyo usimfikie mtu mwingine, na hakuwahi kusema, na mimi nilidhani ni undugu tu, na hori zimepangwa vibaya.

Tangi dogo ni maji ya watu na kamati haigusi. Aabo aligusa. Alitoa mitungi minne akampelekea ayeeyo kwa ajili ya ndama na yule mwekundu. Mwekundu hakuinua kichwa. Aabo alirudi akanikuta nimekaa kwa ngazi ya tangi, akakaa chini ya ngazi, mgongo wake kwangu. Miwani alikuwa ameishika mkononi.

Nikamuuliza kama alijua kuhusu adeer Bishar.

Alikunja miwani yake.

"Nilijua," akasema. "Nilifikiri hesabu imeshaweka hiyo ndani."

Nilitaka kumwambia hesabu inaweka tu kile umeipa. Nilitaka pia kumwambia kuhusu asubuhi. Alisimama akapangusa kanzu, akasema hooyo anahitaji kuni, nikaenda kuleta kuni.

Ayeeyo hakulala kwetu. Hooyo alimbembeleza, akamshika mkono, akalia kidogo. Ayeeyo alisema ng'ombe wakilala hapa hawataamka, bora watembee baridi baridi kuelekea Eldas, atakayefika atafika. Alinibusu kichwani. Aliniambia nisome kwa bidii, na kwamba amesikia nimepewa jina jipya, akajaribu kulisema, likamshinda, akacheka. Hakuna mtu alikuwa amemwambia karatasi ilikuwa ya nani. Ama walimwambia na hakujali. Sijui ni gani mbaya zaidi.

Ramlo hakuja kuniaga. Nilimwona tu mbali, mbele ya ng'ombe, akitembea haraka haraka, hakugeuka. Kabla hawajafika kwa ile njia ya malori, mwingine alikuwa ameshalala. Walimpita.

Nimefungua ule mti tena. Nimeujaribu na nane mahali pa tano. Jumla ni thelathini, gawanya kwa tatu ni kumi. Dizeli ni tisa. Kwa hivyo na ukweli wote juu ya meza, hakuna njia, hata ya Mwalimu Filsan, ya kunywesha kila mtu. Karatasi ingerudi na hapana. Halafu wazee wangekaa chini na hiyo hapana, na wangesema kitu ambacho hata mtoto anakijua, ngamia wanangoja, ng'ombe hawangoji, na ayeeyo saa hii angekuwa amelala kwa mkeka wetu. Lile tawi nililokata na rula pia nimeliangalia. Hapo ni mzee Bare anatembea kwenda Eldas na watoto wake. Sikupata tawi ambalo nikiliangalia napumua.

Mtandao hapa unashika tu ukisimama kwa ngazi ya tangi, ya tatu kutoka juu. Nilipanda baada ya swala ya isha. Niliandika kwanza, wangapi wamebaki, nikaona ni nini nimeandika, nikafuta. Niliandika pole, nikafuta. Mwisho niliandika hivi:

"Ramlo, ni mimi Ruweyda. Si rejista. Niliwaona ngamia asubuhi kabla jenereta haijawaka na nikajua hamtafikiwa. Ningeweza kusema nyinyi muanze, nikaona haya. Aabo hajui. Niambie tu mmefika wapi na ayeeyo yuko aje."

Nikatuma. Simu ikaandika imepelekwa, kwa hivyo simu yake iko wazi na wako mahali penye mtandao. Nilikaa kwa hiyo ngazi mpaka miguu ikafa ganzi. Nimeshuka, nimepanda tena mara mbili. Hajajibu.